Chupa Moja ya Kisima cha Baba

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na mdogo wangu hajambo na mimba yake? Mimi mzima, ila nimechoka kuandika jambo moja mara tatu. Kuchemsha maji kunaua vijidudu tu. Urani, yale madini yenye sumu yanayopenya kisimani kutoka kwenye machimbo ya zamani, si kijidudu: maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki.

Uliuliza kama kisima kitalipuka kama bomu. Hakilipuki. Hilo linataka urani iliyoandaliwa: kiini cha atomu kigongwe na chembe iitwayo nyutroni, kipasuke vipande viwili, kitoe joto na nyutroni nyingine, nazo zikapasue viini vya jirani, hivyo hivyo mfululizo. Ya kisimani haina kishindo. Inakula figo na mifupa polepole.

Naomba chupa moja tu ya maji yake niipime hapa maabara; nikikuta urani, kitafukiwa kwa zege.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile. Mdogo wako anakula kwa wawili na kununa kwa watatu. Chupa yako hiyo, nimeifunga vizuri. Marehemu baba yako alikichimba kisima kile kwa mikono yake, na ndicho kilichokukuza mpaka ukapata mdomo wa kunigombeza.

Mama yako

19 Aprili

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Maji yako ni safi kuliko tunayokunywa hapa. Mkuu wangu alishakiweka kisima chetu kwenye orodha ya kufukiwa kwa zege. Nimemshupalia mpaka amekifuta. Kunyweni kwa raha.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu,

Sijui nikuulize hali kwa uso gani. Ile chupa niliijaza maji ya mvua, kwenye pipa la nyuma ya nyumba. Niliogopa zege. Kisima kile ndicho pekee alichoniachia baba yako. Nilijua mimi na mdogo wako tutakunywa ya mvua, na uongo utabaki wangu.

Lakini mdogo wako aliwasomea majirani barua yako. Wameliacha bomba la mbali. Foleni inaanza alfajiri mlangoni kwangu. Nimewaambia ukweli, wanasema nimekuwa mchoyo. Nimekata kamba ya ndoo, wameleta yao, tena ndefu zaidi. Jana mke wa fundi seremala alikuja na mtoto mgongoni. Nilipomzuia aliniambia, "Mwanao msomi kasema ni safi."

Usiandike barua nyingine. Njoo mwenyewe, na uje na watu wa zege.

Mama yako