Swali la Shirini

Tinde, 9 Agosti 1971

Dada Lukresia,

Shikamoo. Nimefika salama. Huku pamba imeshavunwa, vumbi tupu.

Nimekuja kumwona Shirini, mwanafunzi wangu Mhindi, mzaliwa wa hapa. Mwezi wa tano aliuliza swali darasani, kijana mmoja akamwambia, "Kaulize kwenu Bombay." Wote wakacheka. Mimi mhadhiri wao niligeukia ubao, nikaendelea kuandika. Tangu siku ile hakurudi chuoni.

Leo nimemkuta dukani kwa baba yake, nikamwomba msamaha. Alinijibu kwa Kisukuma safi kuliko changu, "Yule kijana nilishamsamehe, Mwalimu. Wewe ndiye niliyekungoja useme neno."

Kisha akaendelea kumpimia mteja kitambaa. Nilisimama pale, dada, nikatoka bila kuaga.

Mdogo wako,
Gelasius