Kishika Uchumba Changu

Mbweni, Dar es Salaam

Kaka Haroub,

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nakuandikia. Sie wazima. Halua yangu sasa wateja wanaifuata kutoka Bunju, na duka nimelipaka rangi upya.

Juzi aliingia mwanamume na kanzu yake imepigwa pasi, ananitazama mie, anatazama simu. Anaitwa Nurdin, fundi seremala wa Kinyerezi, kafiwa na mkewe. Akanionyesha tangazo mtandaoni. Picha ni yangu, ile uliyonipiga dukani siku ya Idi. Chini yake: “Mjane mcha Mungu, natafuta mume. Tuma kishika uchumba kwanza, ndipo tuonane.” Katuma, namba ikazimwa. Kibao cha duka kwenye picha ndicho kilichomleta.

Niliwaka, kaka! Mie Zubeida binti Hilal, nisiyemwomba mtu hata chumvi tangu nifiwe, natangazwa kama kiwanja!

“Umetapeliwa, baba,” nikamwambia.

Hakufoka. Alinitazama tu, akasema, “Hata hiyo picha imekupunja.”

Nikamwomba anionyeshe ujumbe wa malipo. Jina la aliyepokea ni lako.

Polisi siendi. Baba hayupo, walii wangu ni wewe, na kishika uchumba umeshakipokea. Nami huyu bwana nimemkubali. Njoo Ijumaa unioze, na mbele ya watu useme kwa mdomo wako kwamba kimekufikia.

Shikamoo yako nimekuwekea. Utaipata ukishanioza.

Mdogo wako, ambaye bado anaposwa,
Zubeida