Kielelezo cha Kompresa Alichokiiba Gachanja

Baba Wambui,

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukulaze hapo Tetu, na mimi badala ya kulia nina hasira. Wambui hajambo, ng'ombe anakamuliwa, nyumba haivuji. Hayo yametosha. Sasa nikwambie habari ya Gachanja.

Ndiyo, Gachanja huyo huyo, mwenzako wa gereji, aliyebeba jeneza lako na kulia kunishinda mimi mjane. Tulipokuwa tunawapa wageni chai baada ya mazishi, sikumwona. Kesho yake nikaenda gereji Gatitu, nikakuta msumari mtupu pale ukutani palipokuwa na kielelezo chetu cha kadibodi, kile cha kukatia chuma cha kiti cha kompresa. Ufunguo mwingine alikuwa nao nani kama si yeye?

Unakumbuka tulivyohangaika na kile kiti? Bwana Wafula, yule afisa wa misitu kutoka Bungoma, alikuwa amechoka kupunguza upepo wa magurudumu ili apite kwenye tope, halafu atambae mpaka mjini kuyajaza tena. Akakuomba umwekee kompresa ya kujazia upepo ndani ya boneti ya Landrova yake, izungushwe na injini yenyewe. Kompresa uliipata kwenye lori bovu. Mahali pa kuikalisha ndipo palipokutoa jasho. Uliharibu mabamba mawili ya chuma kwa kukisia tu, mpaka nikaacha cherehani yangu pale barazani mwa gereji nikakwambia hata gauni la mtoto halikatwi hivyo. Nikararua katoni ya sabuni, nikaingiza mikono kwenye injini, nikapima, nikakata.

Na nikakosea. Nilikosea upana wa kidole kimoja tu, puli ya mkanda kwenye kompresa ikakaa nje ya mstari wa puli ya injini, na ulipojaribu kupanda mlima wa Othaya mkanda ukaruka. Ulirudi na vipande vyake mkononi, unacheka, ukakitundika kielelezo changu ukutani pamoja na makosa yako yote. Ukasema, "Kikae hapo kitukemee." Nilikununia siku mbili, Mungu anisamehe. Halafu nikakata kingine, na hicho ndicho kilichokaa sawasawa. Nikakiweka chini ya godoro pamoja na vielelezo vya magauni, kisijikunje. Umekilalia miaka miwili.

Kwa hiyo mwizi wako alibeba kosa, Baba Wambui. Miaka yote mmefanya kazi pamoja, hakuwahi hata kukuuliza mbona vitu vizuri havitundikwi.

Ningeweza kumwambia. Nilikuwa karibu kumwambia. Lakini Bwana Wafula alikuja kutafuta fundi wa kuziwekea kompresa Landrova nne nyingine, nami nipo pale pale natia vifungo, na Gachanja akamjibu bila haya: "Hii kiti ni mimi nilitengeneza, afande. Marehemu alikuwa ananishikia spana tu."

Ananishikia spana! Wewe! Sindano ilinichoma kidole na sikusikia. Kazi hiyo ndiyo kitu pekee chenye alama ya mikono yako hapa duniani, na huyu mtu alikuwa anakufuta mbele yangu, udongo wa kaburi lako haujakauka. Nikafunga mdomo. Nilijua hakuna mtu atakayeumia. Mkanda ungeruka tu, na gari lingesimama.

Gachanja alikata kiti kwa kielelezo kile, akakifunga kwenye Landrova ya kwanza, nayo ikasimama Othaya, siku ya soko. Bwana Wafula ndiye aliyekuwa anaendesha, Gachanja kando yake akijisifu. Wakafunga mkanda wa pili, nao ukalika ukakatika. Wanawake wa sokoni waliwapa pole mpaka aibu ikawa nzito. Waliponihadithia nilicheka hadi nikashika mbavu, halafu nikalia, kwa sababu wewe hukuwepo tucheke pamoja.

Wiki hiyo hiyo walikuja wote wawili. Gachanja akainama: "Mama Wambui, ati hii kiti inakataa. Pengine uko na ile ingine?" Nilikwenda nyumbani, nikainua godoro, nikarudi na kielelezo, nikakipima kwenye injini mbele ya Bwana Wafula. Nikamwonyesha ule upana wa kidole kimoja. Akaelewa. Akampa Gachanja mgongo, akaniambia, "Mama, hizi gari zote ni zako."

Landrova tatu zimekwisha. Nakata, nampa fundi wa kuchomelea, na kila kiti napiga jina lako kwa patasi, herufi kubwa, mahali ambapo hata kipofu atalipata kwa kupapasa.

Gachanja anataka kazi kwangu. Ana watoto, najua, na mkono wake ni mzuri kwenye chuma. Nimemwambia nitampa, lakini kwanza Jumamosi atakuja nami mpaka hapo ulipolala, asimame mbele yako, aseme kwa sauti aliiba nini na alimwambia nini Bwana Wafula. Amekubali. Anasema wewe ulikuwa mtu wa kusamehe upesi.

Hilo ndilo linalonitisha. Nakujua.

Lala salama, mume wangu. Nakuahidi viti vitakaa sawa, na Wambui nitamfundisha kukata. Nawe niahidi hili moja. Jumamosi atalia, atapiga magoti, atakuita jina lako la utoto. Usimjibu.

Mimi wako,
Mama Wambui