Friza Iliyovaa Maua

Vasudha usipige simu, andika tu. Nimejifungia kwenye choo cha maabara.

Profesa Narasimhan amempiga mzee Yellappa. Ngumi. Fundi wetu kwa miaka ishirini na sita, ngumi ya mdomo.

Kisa kile kichupa cha kingamwili, kinachotuonyesha kimeng'enya cha kuchakata steroidi kwenye ini. Miezi minane tulikingoja kifike. Leo tumefungua friza, ndani joto kama jikoni, kichupa kimeharibika. Haina umeme tangu Ijumaa ya puja, ile ibada ya kubariki vifaa, tulipozivika mashine zote maua. Na bado imevaa shada lake la maua ya manjano mlangoni.

Profesa akauliza, "Nani aliipamba hii?"

"Mimi, Profesa, kama kila mwaka."

Hapo ndipo ngumi. Mzee akaanguka. Profesa akamwinua kwa kola, akamgonga kichwa kwenye mlango wa friza ile ile. Mara mbili, Vasudha, mara mbili. Damu ikachanganyika na yale maua. "Umeniulia utafiti, mbwa wewe."

Mzee anarudia tu, "Sikugusa plagi. Naapa kwa wanangu, sikugusa plagi."

Sote tumesimama tunatazama. Na mimi nimesimama.

Hakugusa kweli. Zile picha za puja nilizokutumia Ijumaa, unazikumbuka? Simu yangu iliisha chaji kabla sijazituma. Nikachomoa plagi moja nyuma ya friza, nikachaji, nikaondoka bila kuirudisha.

Ngoja, kuna mtu anagonga.

Ni mzee. Anaongea kwa shida, mdomo umevimba. Anauliza, "Binti, nimekuona ukikimbilia huku. Wewe hukuumia?"