Jumamosi Sina Kazi

Jumapili jioni, Stockholm. Nje ni nyuzi tisa chini ya sifuri. Upepo hakuna, na theluji ya juzi imekuwa ngumu kama chumvi ya mawe.

Baridi hii naijua, ndiyo kazi yangu. Vyumba vyangu vya samaki pale Mwanza vinasoma kumi na nane chini ya sifuri usiku na mchana. Naingia na koti, nahesabu kreti, natoka. Tofauti ni kwamba baridi ya kwangu ina mlango.

Mnaonisoma siku zote mnajua nilikoanzia: barafu za mifuko, friji moja kuukuu, foleni ya watoto wa shule kibarazani. Leo nina vyumba vitatu na nimeletwa huku wiki mbili kujifunza mitambo mipya ya kupoza. Katikati ya hizo wiki mbili kuna wikiendi moja, na ndiyo hii.

Ijumaa alasiri bwana anayetufundisha alifunga kompyuta, akatutakia wikiendi njema, akavaa kofia, akatoka. Nilidhani amekwenda kuleta gari. Nikakaa mapokezi na pochi mapajani mpaka dada wa usafi akaja kuzima taa za korido.

Mtu huyuhuyu alipokuja Mwanza mwaka juzi kutufungia mitambo, hotelini alilala tu. Kula alikula kwangu, sato kila siku, na mifupa alikuwa anaifyonza kuliko sisi. Jumapili nikampeleka kisiwani kuangalia pundamilia, jua likamuunguza, nikamnunulia kofia. Sikumtakia wikiendi njema. Mimi ndiye niliyekuwa wikiendi yake.

Sawa. Huyo si ndugu yangu.

Ndugu yangu anaitwa Deusi, ni mdogo wangu wa mwisho. Anakaa Hallunda, karibu na mwisho wa treni ya mstari mwekundu, huu mwaka wa kumi na tatu. Mama alipofariki Deusi alikuwa darasa la tatu. Nimemlea mimi. Kasha la barafu alilipeleka shuleni asubuhi, jioni akarudi nalo tupu, na hiyo ndiyo ada yake na yangu. Harusi yake niliiona kwenye simu, picha inakwama kwama. Mtoto wake nimemwona kwenye simu. Siku hizi hata simu zimepungua.

Nilipofika niliandika kwenye kundi la familia kwamba nimetua salama. Akajibu: "Pole na safari dada. Jumamosi sina kazi."

Basi. Nukta.

Niliisoma mpaka nikaikariri. Huna kazi, kwa hiyo? Nije? Unakuja? Au unapumzika, usisumbuliwe? Nikamuuliza Bi Saumu, Mtanzania anayefanya kazi ya hesabu pale kiwandani tunakofundishwa, aliyekuja huku kusoma zamani akabaki. Akaniambia, akitafuna saladi yake, "Usiende kwa mtu hapa bila kupewa saa. Hata kwa ndugu. Hao wameshakuwa Waswidi, mwenzangu."

Nikamsikiliza. Nikasubiri kupewa saa yangu.

Kwa hiyo Jumamosi nilizunguka mji huku nimevua glavu mkono mmoja, nishike simu, nisije nikakosa kuisikia ikitetemeka. Mji mkongwe ni mzuri, siwezi kuusingizia. Kuta za rangi ya haradali na matofali, vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Nikapiga picha. Nikagundua zote ni za milango.

Niliingia mahali kunywa kahawa na andazi lao lenye krimu. Bei niliigeuza kwa shilingi mara moja, nikaapa sitaigeuza tena. Kila meza ilikuwa na watu wawili wawili. Yangu ilikuwa na kiti cha pili, akaja kijana mmoja akaniomba kwa ishara akichukue. Nikamruhusu. Ningemkatalia kwa sababu gani?

Halafu nikafika majini, maji yenyewe hakuna. Yameganda. Watu wanatembea juu yake na watoto na mbwa, mzee mmoja ametoboa tundu amekaa kwenye ndoo anavua. Nilisimama pale ukingoni nikaanza kupiga hesabu ya unene kwa upana, kama nilivyozoea, nikaacha. Barafu yote ile haina mwenyewe. Hakuna aliyelala na wasiwasi wa umeme kukatika. Nilitaka sana kumwambia mtu, na mtu mwenyewe ni mmoja tu duniani ambaye angenielewa, yule wa kasha la barafu. Nikapiga picha nimtumie. Nikaona atadhani namkumbusha nilivyomlea. Sikuituma.

Giza liliingia mapema. Nilirudi hotelini nikakaa na dagaa.

Ndiyo, dagaa. Nilimletea mfuko mzima, wale wa kukaanga wakavu, nimewafunga mifuko mitatu na bado chumba chote kinanuka ziwa. Tuliangaliana mpaka nikazima taa. Simu kimya.

Leo asubuhi nilijiambia: mimi naweza kungoja saa, dagaa hawangoji. Anwani ninayo, kuna mtu nilimpa mzigo wa Deusi mwaka jana. Nitawakabidhi mlangoni, niseme nilikuwa napita, nirudi.

Kwenye treni kiti cha jirani yangu kilibaki kitupu mwanzo mpaka mwisho, na watu wamesimama. Sijui ni desturi yao au ni dagaa.

Hallunda nikaipata, jengo nikalipata, mlango ukanishinda. Hauna kengele. Una kidude cha namba, unabonyeza namba za siri au unabaki nje. Nimezoea kusimama penye mlango nikapiga hodi, mtu akaitikia hata kama yuko bafuni. Hapa nitampigia nani hodi? Simu nilikuwa nayo mkononi, lakini kumpigia ni kuomba, na niliapa siombi. Nikabaki nagonga viatu theluji itoke, nikasema kwa sauti, "Hata pa kubisha hapana."

"Unatafuta nani, mama?" Nyuma yangu mwanamke na kigari cha mtoto. Kiswahili chake cha Goma au Bukavu huko. Nikamtajia. "Ah, Deusi wa juu! Ingia, ingia."

Ghorofa ya tatu. Aliyefungua ni wifi yangu, Esperansi, Mrundi, mrefu kuliko nilivyomwona kwenye simu. Alinitazama, akatazama mfuko, akanikumbatia na koti langu na theluji yake.

"Ni weye? Jana tulikungoja mpaka tukachoka."

Deusi hayupo, yuko kazini, anahudumia wazee majumbani kwao mpaka usiku. Nikaelekezwa jikoni na dagaa wangu. Sasa mimi nina ugonjwa wa kazi: siwezi kuona friji nisiguse mpira wa mlango. Nikalifungua.

Sufuria la pilau limejaa mpaka juu. Bakuli mbili za kachumbari, nyanya zimeshatoa maji. Na kwenye sinia lililofunikwa plastiki juu, samaki mzima wa kuchoma, kichwa na mkia, hata ukucha haujamgusa. Kazi yangu ni kujua kitu kimelala humo ndani muda gani. Chakula kile kilikuwa cha jana, na hakikuwa cha watu watatu.

Nikafunga friji. Nikasimama pale na mkono kwenye mpini.

Binti yao, Tumaini, ana miaka minane. Alikuwa mlangoni ananitazama vibaya. Akasema kitu kwa Kiswidi, kirefu. Mama yake akaona aibu, nikamwambia nitafsirie tu.

"Anasema jana baba alikataza mtu kugusa samaki mpaka shangazi afike. Usiku wakapewa mkate. Bado ana hasira."

Esperansi akampigia Deusi, akanipa simu. Alikuwa ananong'ona, nadhani mzee anayemhudumia alikuwa amelala.

"Dada. Umefika."

"Mbona hukuniambia njoo?"

"Nikuambie njoo? Wewe? Nilikuambia sina kazi, dada. Nilisimama dirishani siku nzima naangalia watu wanaoshuka stesheni. Ulitaka nikupangie saa kama fundi wa friji?"

"Mimi ni fundi wa friji."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Kula samaki," akasema. "Kichwa usimwachie mtu." Kisha mzee wake akaita, akakata.

Wakanipashia moto. Nikala kichwa. Tumaini akasogea polepole mpaka akakaa karibu yangu, nikampa shavu la samaki kwa mkono, akalila, hasira ikapungua kidogo. Esperansi aliniomba nilale. Lakini kesho saa moja asubuhi natakiwa kiwandani upande wa pili wa mji, na nguo na makaratasi yote yako hotelini.

Kwa hiyo nimerudi. Nimeshiba, na chumba bado ni kimya vilevile, kinanuka dagaa wasiokuwepo. Na nikiri, bado nina kinyongo. Miaka kumi na mitatu, na nimekutana na friji lake kabla yake. Yeye aliona aibu kunifanya mgeni, mimi nikangoja kukaribishwa kama mgeni, samaki akalala.

Ijumaa napanda ndege. Kesho jioni Deusi anatoka kazini mapema. Hajaniambia nije na mimi sijauliza. Naenda.

Wakati naaga, Esperansi alinitajia namba za ule mlango wa chini. Ni nne tu, nilizishika papo hapo, namba hazinipi shida. Hapa sitaziandika. Ni za mlango wa nyumbani.