Machela ya Eunice

Kwako Shemeji Otacílio,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye ukame. Natumai u mzima, na kwamba baridi ya São Paulo haijakumalizia nywele zilizobaki. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananinunia. Dada yako Zulmira naye anaendelea vizuri, na habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu, ingawa mimi na shule, kama ujuavyo, tuliachana mapema bila kugombana.

Upasuaji ulikwenda salama kule Fortaleza. Daktari alichukua nyama ya tumboni akamfinyangia titi jipya, pale palipokuwa bapa tangu alipokatwa kwa ugonjwa ule. Nilimwambia Zulmira kwamba sasa akishiba sijui nimtazame wapi. Akaniambia nisimchekeshe, mzee mpumbavu mimi, nyuzi zinavuta. Daktari alituonya asilale chali kabisa: mgongo uinuke, magoti yakunjwe. Tena asishangae, hapo kwenye titi jipya hatahisi kitu, hata achomwe sindano.

Nyumbani, mito yote haikufaa; kitandani alikuwa anaguna tu. Jirani yetu Ludovina alileta supu ya kuku yenye unga wa muhogo, akapiga marufuku nguruwe, bata na mayai mpaka kidonda kifunge, kisha akaniuliza mwanamume mzima nahangaika na mito ya nini, na kulabu za kutundikia machela ya kulalia ziko ukutani. Kweli. Kitambaa cha machela kikining'inia kinamkunja mtu vilevile anavyotaka daktari. Nikafungua sanduku, nikatoa iliyo laini kuliko zote, nikaitundika. Zulmira akalala kama mtoto, mirija ya kutolea maji ya kidonda ikining'inia ubavuni.

Kesho yake Ludovina alipoiona, bakuli lilimtoka mkononi. Akanivuta jikoni, akaniuliza kama nina akili. Shemeji, ilikuwa ile ya bluu. Ile tuliyomchukulia marehemu dada yenu Eunice kwenda kaburini, mwaka mto ulipokata barabara, wewe mbele, mimi nyuma, mti wa kuibebea begani. Wengine huizika pamoja na maiti. Sisi tuliifua tukairudisha, kwa kuwa ilikuwa pamba nzuri. Na Eunice alikufa kwa ugonjwa huuhuu, titi hilohilo la kushoto.

Nilitaka kuishusha. Lakini mtu aliyehangaika vile kupata usingizi, unamwamshaje? Nikaiacha. Tangu hapo, mchana nikikaa karibu naiona inabembea. Upepo hakuna, na Zulmira amekatazwa kujisukuma kwa mguu. Niliishika kamba isimame. Ikanivuta, polepole, kama mtu anayeomba apishwe. Na kamba zinalika kwenye kulabu, wakati dada yako amekonda hata mbuzi wangu anamzidi.

Mimi si mtu wa misa, padre ananijua. Ila niliogopa kwamba Eunice amekuja kumchukua mwenzake. Juzi nilishindwa, nikamwambia Zulmira ukweli, nikaanza kufungua kamba. Akanizuia. Akasema alijua tangu alipoingia, harufu ya sabuni ya Eunice haijatoka humo. Akaniambia nilete mkono wangu niuweke juu ya titi jipya. Nikauweka. Akauliza nangoja nini. Nikamjibu mkono uko hapo muda wote.

Basi wako siusikii, akasema. Wa Eunice nausikia. Unakuja kila nikifumba macho, una joto, unashika hapohapo ambapo yeye hakurudishiwa kitu. Hanichukui, mzee wangu. Ananishikia.

Nimemwonea mke huyu wivu kwa muuza nyama, kwa mpiga kodiani na kwa padre mwenyewe. Marehemu sikumtegemea.

Nyuzi zimetolewa, na daktari amesema sasa anaweza kurudi kitandani. Hataki. Mimi nimeacha kuishika ile kamba.

Ludovina anakusalimu, anasema ukija uje na kiberiti tuichome. Usimsikilize. Njoo na kamba mpya, nene. Hizi zimebaki nyuzi tu, na watu wawili ni wazito.

Ni mimi shemeji yako anayekukumbuka,
Anacleto