Wanjira Ameshinda, na Kocha Nilikuwa Mimi

Maua, Meru

Mama mpendwa,

Habari ya Siakago? Mgongo umepunguza maneno? Na wale mbuzi, wanazaa ama wanakula tu? Mimi ni mzima. Nyama yangu ya kuchoma hapa hotelini imefanya watu wa Maua waamini kwamba sisi Wambeere ni watu wa maana.

Sasa keti. Binti yako Wanjira amepata ile skolashipu ya masta. Sayansi ya siasa, huko Uingereza, kila kitu kimelipwa. Na kocha alikuwa nani? Mwanao aliyeachia shule kidato cha pili, lakini amefika Mombasa, Namanga, mpaka uwanja wa ndege, ingawa huko nilikuwa nasindikiza mtu.

Unajua mwaka jana walimkataa, akakaa hapa kwangu kimya kama jiko la jana. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho, maana umri wanaoutaka ulikuwa unampita. Nikamwambia anisomee alichoandika kuhusu uongozi. Mama, yale maji ya Kiambere, alipokuwa akijitolea huko, ameandika yaliletwa na chifu, akina mama wa kikundi, na Mungu. Yeye hayumo, hata kama mbeba mtungi.

Nikamuuliza, "Nani alisimama mbele ya wakubwa wa maji akasema akina mama hawaondoki bila jibu?"

"Ni mimi. Lakini mtu hajisifu, Njeru. Mama angenionaje?"

"Mama haketi kwa kamati ya skolashipu. Jiandike."

Akajiandika, anaona haya kama mtu anayeiba kuku. Siku ya mahojiano kwa kompyuta nilizima redio ya hoteli na kufukuza wateja wawili. Mzungu mmoja akamuuliza kama kweli ni yeye aliyeongoza. Akanitazama. Mimi niko mlangoni na kisu mkononi, nyama inaungua. Halafu akasema, "Ndiyo, niliongoza mimi," akaeleza yote.

Ndiye anakuletea barua hii. Bado anaogopa utasema amepata kiburi. Ulitulea vizuri, Mama, ni kwangu tu kazi ilikushinda. Basi nisalimie baba mdogo Ireri na mbwa wake mvivu, na dada yetu mkubwa Ciarunji pamoja na mume wake fundi.

Na Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, usiseme tu Mungu ametenda halafu ukakaa. Mungu mshukuru, hana wivu. Kisha taja jina la Wanjira, useme alichofanya, na yeye akiwa ameketi hapo asikie kwa mdomo wako.

Mwanao anayekupenda kuliko wote, wengine wakatae,
Njeru